Jiwe Jeusi Nililolala Nalo

Jumatano, baada ya alasiri. Manyunyu tangu asubuhi, na ukuta wa nje umeloa.

Assalaam aleikum ndugu zangu mnaopita humu. Hamjambo nyote? Wazee wenu hawajambo, watoto hawajambo, waliokuwa wagonjwa wamepata nafuu? Wale walioniuliza mbona nimekuwa kimya, niwieni radhi. Nilikuwa eda. Mume wangu, Baba Nasra, ametangulia mbele ya haki, na miezi yangu minne na siku kumi za kukaa ndani zimetimia wiki iliyopita. Mwili wangu mzima, Alhamdulillahi. Moyo ndio sina la kuwaeleza.

Au ninalo. Ndiyo maana nimeketi hapa na simu mkononi, miwani puani, naandika kwa kidole kimoja.

Nina binti mmoja tu, Nasra. Ana mimba ya miezi saba na ushei, mimba yake ya kwanza. Na kwetu hapa Kibokoni mimba ya kwanza ni ya mama. Msichana akishatimiza mwezi wa saba hutoka kwa mumewe akarudi kwao, akajifungua mikononi mwa mamake, akakaa arubaini yake humo akilishwa na kukandwa, kisha ndipo mumewe akamfuata. Mama yangu alinifanyia mimi hivyo, katika nyumba hii hii. Tulikuwa tumekubaliana Nasra aje mwezi ukiandama, na mwezi wenyewe utaandama Jumamosi au Jumapili.

Sasa sijui kama atakuja. Na asipokuja, sababu ni mimi.

Nianze na mawe, maana bila mawe hamtanielewa.

Baba Nasra alikuwa karani wa mizigo bandarini, miaka zaidi ya thelathini. Waume wa wenzangu walikuwa wakirudi na manukato na vitambaa kutoka melini. Wangu akirudi na mawe. Mabaharia walimletea, wahandisi walimletea, madereva wa malori wa bara walimletea. Alikuwa na la kijani la Taita, na vipande vyeupe vya Magadi, na mekundu meusi ya kile kilima cha Kwale, na mengine ya nchi ambazo mimi sizijui hata kwenye ramani. Kila jiwe na kikaratasi chake, amekiandika kwa herufi za Kiarabu kwa mkono wake mzuri: jina lake, limetoka wapi, nani amemletea. Alinunua kabati la vioo kutoka duka moja la Mabohora lililokuwa likifungwa, akaliweka chumba cha juu, kile chenye madirisha mawili ya kutazama njiani.

Nilikuwa nikimtania. Nikimwambia, wenzio huleta dhahabu nyumbani. Yeye akinijibu, "Dhahabu huibwa, Mama Nasra. Mwizi gani atakayejitwika jiwe?"

Alikuwa na adabu na mawe yale. Hali kitu katika chumba kile, hata kahawa haipandishi. Akiingia, kwanza afungue madirisha yote mawili. Akimaliza kuyapangusa, ashuke moja kwa moja mpaka kwenye birika la maji, anawe mpaka viwikoni. Nasra alipokuwa mdogo hakuruhusiwa kuingia peke yake.

Mimi nikidhani anatia udhu.

Wallahi, ndivyo nilivyodhani miaka yote. Nikaona huyu mtu ni mcha Mungu kiasi kwamba akishaangalia maumbile ya Mola wake anakwenda kutawadha. Nimewahi hata kujisifu kwa wanawake wenzangu kwenye khitma, kwamba mume wangu hata jiwe analigusa kwa ibada. Udhu gani unaotiwa kwa sabuni? Sikujiuliza. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini hilo halihitaji darasa.

Katika mawe yote lilikuwepo moja jeusi, kiasi cha ngumi ya mtu mzima, zito kama chuma, lina ukoko wa njano upande mmoja kama bizari iliyokaukia kwenye sahani. Hilo aliniambia waziwazi: "Hili usilishike. Hili niachie mimi." Alisema kwa upole, kama alivyosema kila kitu. Na mimi nikachukulia kwamba ndilo alilolipenda kuliko yote. Mtu akikukataza kitu kwa upole namna ile, unadhani ni cha moyoni mwake.

Alifariki Jumatatu moja asubuhi, ametoka kuswali alfajiri msikitini, ameketi kitini, amemaliza. Moyo ulisimama. Sikupata hata kumpa maji.

Watu walijaa. Wanawake wa matanga walihitaji pa kukaa, na chumba cha juu ndicho kikubwa. Basi ndugu yangu Mbwana na majirani wakayatoa mawe kabatini, wakayatia kwenye masanduku ya majani ya chai, wakayateremsha. Wakayapeleka mahali ambapo hakuna atakayepita: chumba cha ndani, nyuma kabisa ya nyumba, kisicho na dirisha. Mnazijua nyumba zetu za kale, kuta pana kama mkono mzima, mlango mmoja na pazia. Bibi zetu walizalia humo na kufiwa humo.

Na mimi nikawekwa humo humo, kukaa eda.

Nasra akaja kulala nami. Mfiwa halazwi peke yake, na mumewe, Faiz, kazi yake iko Nairobi, huja mwisho wa mwezi. Alikuwa na mimba changa, anatapika kila asubuhi, na bado anakuja kunishughulikia mimi. Tulilala kitanda kimoja, samadari ile ile niliyoolewa nayo. Miezi miwili alilala ubavuni mwangu.

Siku moja mchana, wiki ya pili au ya tatu, nilikuwa natafuta leso kwenye yale masanduku ya chai, maana nguo nazo zilitiwa humo, nikaligusa lile jiwe. Limefungwa kwenye kipande cha kanzu yake ya zamani. Harufu yake ilikuwemo kwenye kitambaa, ndugu zangu. Mimi siruhusiwi manukato, siruhusiwi wanja, siruhusiwi kutoka, na mume wangu yuko chini ya mchanga. Nililichukua nikalitia chini ya mto wangu.

Likakaa huko miezi.

Moyo ukinijaa, nalitoa, nalisugua kwa kidole gumba upande ule wa njano, kama mtu anayevuta tasbihi. Unga wake ulibaki kidoleni. Sikunawa. Mkono ule ule nilimmegea Nasra mahamri akishindwa kula. Mkono ule ule nilimkanda kiuno kikimuuma. Yeye hakujua kama lipo. Mimi nilijua lipo, ila sikujua ni nini.

Mwezi wa nne wa eda akaja Kilonzo.

Huyu Kilonzo ni Mkamba wa Kitui, Mkristo wa kanisani hasa, alifanya kazi na Baba Nasra bandarini miaka mingi. Idd ilikuwa haipiti hajala pilau yangu, na Krismasi ilikuwa haipiti hatujaletewa kuku. Alistaafu akarudi kwao, na habari za msiba zilimchelewa. Alipiga hodi, Mbwana akamkaribisha, wakaketi chumba cha mbele, na mimi nikasogea nyuma ya pazia nisikie, maana sikuweza kutoka mbele ya mwanamume.

"Shemeji Zuhura, pole sana," akasema. "Nimesikia kwa watu wa njiani. Mimi wa kusikia kwa watu wa njiani."

"Tumepoa, Kilonzo. Wa kwako hawajambo?"

"Wazima. Wanakusalimu."

Akalia kidogo. Mbwana akamtilia kahawa. Halafu akasema kuna jambo anataka kuuliza na anaona haya kuliuliza msibani: yale mawe ya marehemu yako wapi?

"Yako huko ndani na mwenyewe," Mbwana akamjibu. "Nayo yanakaa eda."

Mbwana ni mtu wa mzaha, hata makaburini. Kilonzo hakucheka.

"Huko ndani kuna dirisha?"

"Chumba cha eda kina dirisha la nini, bwana?"

Ndipo akatueleza. Zamani, Baba Nasra alipita getini bandarini na mkoba wake wa kazi, na ile mashine ya kupima mionzi, inayokagua vyuma chakavu, ikaanza kulia. Askari wakakimbia. Kilonzo ndiye aliyekuwa na kazi ya ile mashine. Akaufungua mkoba, akakuta chupa ya chai, mahamri mawili, na jiwe jeusi aliloletewa na baharia asubuhi ile. Kazini wakamwita Bwana Bomu mwaka mzima. Mimi nyumbani sikuambiwa neno.

Akasema kuna mawe yameumbwa na mionzi ndani yake. Si bomu, na ya namna ile hayamuui mtu anayejua kuishi nayo. Yatakiwa yawe nyuma ya kioo, chumba chenye hewa, mbali na mahali pa kulala watu. Ukishika, unawe kwa sabuni. Usile karibu nayo. Mtoto asiyachezee. Na mbaya zaidi ya jiwe ni vumbi lake, maana jiwe utaliacha pale lilipo ukaenda zako, lakini vumbi utaondoka nalo, uingie nalo tumboni. Na chumba kikifungwa, jiwe linatoa pumzi fulani isiyoonekana, inajaa humo. Ndiyo sababu ya madirisha.

"Nilimfundisha mwenyewe," akasema. "Nikamwambia, mwambie na mke wako. Akasema atakuambia."

"Hakuniambia," nikasema nyuma ya pazia.

"Angekwambia," Mbwana akaingilia, "ungeyatupa jaani kabla ya magharibi. Nakujua."

Kweli. Ningeyatupa.

Siku ya pili Kilonzo akarudi na kipimo alichoazima kwa vijana aliowafundisha kazi. Kidude kidogo, Mbwana asema kama redio ya zamani. Mimi nilikuwa nikisikia tu. Wakayatoa masanduku nje ya pazia, akapima moja moja. Mengi yalikuwa kimya kabisa. Mawili yakagonga kidogo, tik, tik, kama maji ya bomba bovu. Halafu nikamsikia anauliza, "Jeusi liko wapi? Kikaratasi chake hiki hapa, lenyewe sioni."

Lilikuwa chini ya mto. Hatua nne kutoka alipokuwa amesimama.

Nikaenda nikalitoa, nikalifunga kwenye leso, nikapitisha mkono kwenye pazia. Nikasema, "Lilikuwa sandukuni, chini ya nguo."

Uwongo wa kwanza.

Kipimo kikalia kama bisi zikipasuka chunguni. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, na mlio ukafifia, ukabaki tik moja moja. "Mnasikia?" akasema. "Umbali ndio dawa yake. Bora lilikuwa sandukuni. Hapana mtu aliyelala nalo karibu?"

"Hapana," Mbwana akamjibu. "Nani alale na jiwe?"

Na mimi, niliye nyuma ya pazia, ambaye hakuna aliyeuona uso wangu, nilinyamaza.

Mawe yalipandishwa juu siku ile ile, yakarudishwa kabatini. Nilifua foronya na mashuka, nilipangusa chumba kwa kitambaa cha maji, vumbi lisiruke, kama Kilonzo alivyoelekeza. Nikanawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Lakini Nasra alikuwa amekwisha rudi Ganjoni kwa wakwe zake na tumbo lake, na la Nasra silo la kufua.

Alikuwa akija kila Ijumaa. Anaingia, ananibusu mkono, anajilaza, anauchukua mkono wangu anauweka tumboni. "Mama, sikia anavyopiga." Na mimi nasikia, na nasoma Fatiha juu yake, na moyoni nahesabu vidole vya mtoto ambaye sijamwona. Kila Ijumaa nilisema nitamwambia Ijumaa ijayo. Nilijiambia simtishi kwa ajili yake, mwenye mimba hatishwi. Huo ulikuwa uwongo wa pili, nao niliidanganya nafsi yangu. Niliogopa asije kuzalia kwangu. Basi.

Ijumaa tano zilipita hivyo.

Niliomba toba. Nilikesha nayo midomoni, ndani ya chumba kile kile. Eda ilipokaribia kwisha nikampigia simu mwalimu wetu wa darsa, nikamuuliza kwa mzunguko, kama swali la mtu mwingine. Hakunipa hotuba. Akaniambia, "Ya Mungu muombe Mungu. Ya mtu, kamuombe mtu mwenyewe. Mungu hakusamehei mali ya mwenzio."

Basi Jumapili, siku yangu ya nne tangu nivue nguo za eda, Nasra akaja. Amebeba mfuko wa nguo za mtoto, alitaka zitangulie. Visoksi, vikofia, leso ndogo nyeupe alizopinda mwenyewe. Akazipanga juu ya samadari moja moja, anazinusa. Akasema, "Nitalala humu humu, Mama. Kuna ubaridi mzuri."

Nikamwambia akae kitako.

Nilimwambia yote. La jiwe, la mto, la unga kidoleni, la mahamri. Alisikiliza mkono mmoja uko tumboni. Nilidhani atalia, au atapiga ukelele. Akauliza tu:

"Ulijua lini, Mama?"

"Kilonzo alipokuja."

Akahesabu kwa vidole. "Wiki tano."

"Wiki tano."

"Ijumaa zote zile nikija, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mwanangu."

"Ukinisomea na unajua."

Nikaanza kumweleza alivyosema Kilonzo, kwamba si kitu kikubwa, kwamba umbali, kwamba sabuni. Akaninyanyulia mkono, taratibu, kama babake alivyokuwa akifanya akichoka na maneno.

"Silisemi jiwe, Mama. Jiwe hukujua. Wiki tano nazisema."

Akazikunja zile nguo, visoksi, vikofia, akazirudisha mfukoni. Akanibusu mkono kama kawaida yake, maana nimemlea vizuri, na hilo ndilo lililonimaliza. Akatoka na mfuko wake.

Jumatatu mchana Faiz alinipigia. Alikuja usiku wa Jumapili ile ile kutoka Nairobi, wameshatoka kwa daktari. Daktari aliuliza ukubwa wa jiwe, lilikaa umbali gani, muda gani, na akazungumza na Kilonzo kwa simu. Akampima mama, akampima mtoto. Moyo wa mtoto unakwenda vizuri, amekua kama anavyotakiwa kukua. Alisema mionzi iliyomfikia ni kidogo, na haoni sababu ya kuogopa. Ila hakuapa. Akasema mimba yoyote, hata ya mwanamke ambaye hajawahi kuliona jiwe, hakuna wa kuiapia.

Faiz ni kijana mwema. Akaniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi."

Nikamuuliza, "Na Nasra?"

"Amelala, Mama."

Ilikuwa saa nane mchana.

Nilisujudu sijida ya shukrani, kisha nikabaki chini. Nilimshukuru Mola wangu na nilimlilia mwanangu katika sijida moja, na sijui ipi aliipokea.

Jana Mbwana akaja na rai yake. Jiwe hili balaa, likatupwe Mkondoni, baharini, tuishe nalo. Alikuwa amekwisha tafuta gunia. Nikampigia Kilonzo. Kilonzo akasema hapana, na alikuwa mkali kidogo: "Shemeji, usilitupe mahali ambapo atakayeliokota hajui alichookota. Kosa limetokea hivyo hivyo, kwa mtu kutojua." Akasema ana watu wanaofundisha mambo ya miamba, atawauliza kama watalipokea. Mpaka hapo likae kabatini, nyuma ya kioo, madirisha wazi mchana.

Basi nikapanda juu. Mara ya kwanza tangu msiba. Nikafungua madirisha. Jiwe liko pale, na kikaratasi chake: jina, nchi, baharia aliyelileta. Hakuandika zaidi. Nikakata karatasi nyingine, nikaandika kwa herufi kubwa za kila mtu kusoma: LINA MIONZI. USILISHIKE. UKILISHIKA, NAWA KWA SABUNI. Nikaibandika kwenye kioo. Dakika tano tu za kazi, ambazo yeye hakuzipata katika miaka yote ile.

Nitawaambia jambo la aibu. Nilimkasirikia. Mume wangu, maiti, aliyenitunza vile, nilisimama mbele ya kabati lake nikamgombeza kwa sauti mpaka jirani akachungulia dirishani kwake. Kisha nikajiona. Yeye alificha kwa kuogopa kupoteza mawe yake. Mimi nilificha kwa kuogopa kumpoteza mtoto wangu. Kweli tulioana, mimi na yeye.

Mungu amrehemu. Sina mwingine wa kumgombeza, ndiyo shida.

Watu wameanza kuuliza. Mama fulani kaniuliza leo asubuhi dukani, "Nasra anakuja lini? Tulete unga wa uji?" Nikasema tunangoja mwezi. Sijui nitasema nini mwezi ukishaonekana na chumba kitupu.

Jamaa zangu msomao, kama mnayo mawe ya namna hii nyumbani, ya kurithi au ya kupewa, tafuteni mtu ajuaye ayapime. Mengi ni mawe tu. Na yale yasiyo mawe tu, mwambieni kila mtu wa nyumbani, hata yule mnayejua atataka kuyatupa. Hasa yeye.

Hayo ni yenu. Yaliyobaki ni ya mtu mmoja.

Nasra, mwanangu, wewe ndiwe uliyenifungulia ukurasa huu na ukanifundisha pa kubonyeza, na kila ninachoandika wewe ndiwe unayekisoma kwanza na kunisahihisha. Simu zangu huzishiki tangu Jumapili. Sikulaumu. Lakini humu najua utapita.

Sitakuomba unisamehe kwa haraka. Wiki tano nilizichukua bila ruhusa yako, nawe chukua zako. Ila mtoto hatatungoja.

Kama ni chumba kinachokutisha, nimekifungua mchana na usiku, na ukitaka tutalala mbele, ukumbini. Kama ni mimi ninayekutisha, basi baki huko huko Ganjoni, na niruhusu nije. Najua kwetu mama haendi kukaa kwa wakwe wa bintiye. Najua watakavyosema, kwamba Zuhura alitoka eda akaenda kujitundika kwa watu, bintiye hakumtaka kwake. Waseme. Mkweo akinipa pembe ya jikoni, mkeka na mto, itanitosha. Nitachemsha maji, nitakupikia uji, nitafua. Ukisema nisikuguse mpaka uniite, sitakugusa mpaka uniite. Nataka tu niwe nyumba moja na wewe siku hiyo.

Nijibu upesi, mwanangu, hata kwa neno moja. Utakuja, au nije mimi?